Kinyago Kisicho na Sura ni Chetu

Imeenea miongoni mwetu itikadi, nayo hunenwa Masasi kwa yakini ileile inayonenwa Newala, kwamba sanamu isiyo na uso wala viungo ni mambo ya Wazungu, wala haistahili kusimamishwa katika ua wanamokaa watu. Itikadi hiyo ni batili, na ubatili wake unadhihirika katika kazi za Wamakonde wenyewe.

Katika miaka ya 1950 Samaki Likankoa alianzisha mtindo wa shetani, akaupinda mwili wa binadamu apendavyo. Kisha ukaja mtindo wa mawingu, ambao wajuzi huunasibisha na Clements Ngala, ambamo mpingo haumwigi mtu wala mnyama, bali hujikunja na kufunguka kama moshi, nuru ikipenya matunduni. Ikiwa wengi wa mafundi hao walivuka Ruvuma wakitoka Msumbiji, Wamakonde wa ng'ambo zote mbili ni jamaa moja. Wala Ulaya haikuwa mwalimu wao: Pablo Picasso alipoingia makumbusho ya Trocadéro, Paris, mwaka 1907, vinyago vya Afrika ndivyo vilivyomgutusha. Na anayenijibu kwamba wanunuzi wa mawingu walikuwa wageni, ajue kuwa mnunuzi hutoa fedha tu. Umbo hutoka katika fikra za mwenye patasi.

Lakini Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa na serikali ya Mwingereza mwaka 1927, twaikubali bila kusaili, kwa kuwa ina sura na bunduki. Siwadharau marehemu wanaokumbukwa pale. Nalalamikia mizani inayoita cha mtawala chetu, na chetu kigeni.

Wapo pia wacha Mungu wanaochelea mifano ya viumbe wenye roho, na hoja yao naiheshimu. Bali mawingu hayamwigi kiumbe yeyote, basi ndiyo yaliyo mbali zaidi na shaka yao.

Kwa hiyo nataka mawingu yamiminwe kwa shaba nyeusi, maana mpingo ukiachwa juani hupasuka, na mti wenyewe huchukua makumi ya miaka kukomaa. Halmashauri zetu zinapojenga nyumba za walimu na wauguzi, zitenge nafasi katikati ya behewa na fungu katika bajeti, mchongaji wa huku huku aajiriwe kuchonga kielelezo, watoto waachwe waipande sanamu, na jina la mchongaji likatwe waziwazi kwenye kitako.