Kabla hujachoma daftari la mwanao, muulize ameandika nini

SEHEMU YA 1: MOTO

Wamama wenzangu. Na nyie wababa mnaosoma kimyakimya bila kukomenti, nawaona. Leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Leo nina ugomvi, na nitautoa wote kwa sehemu, kwa hiyo kama una maharage jikoni punguza moto kwanza.

Mwezi uliopita mama mmoja alichukua daftari la mwanawe akalitia kwenye jiko la mkaa. Kaunta buku nzima, imejaa mwandiko na michoro, kazi ya miezi mitatu. Mtoto amekaa pembeni anaangalia. Simtaji, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili asijulikane, kwa hiyo msinifuate inboksi kuuliza ni nani.

Kilichomtisha ni nini? Alifungua ukurasa mmoja akakuta: "Mchawi amekufa. Mwizi kabeba dhahabu 40. Mganga amebaki na uhai 2." Akamwita jirani. Jirani kasoma, kashika kichwa, kasema huo ni ufreemason, na hiyo 2 ni siku zilizobaki kabla mtu wa nyumba hiyo hajatolewa kafara. Basi. Daftari likaenda na moto.

Mtoto ana miaka 13 na ana selimundu. Na mchezo ulioandikwa mle ndani nilimfundisha mimi, nesi wenu, pale wodini. Kwa hiyo mshitakiwa ndo huyu anayeandika. Nisikilizeni kwanza, hukumu baadaye.

SEHEMU YA 2: MCHEZO WENYEWE

Mimi nacheza mchezo huu toka nikiwa mafunzoni, alitufundisha mgeni mmoja aliyekuja kujitolea. Sasa hivi tuko wanne hapa Kambarage: mimi, nesi mwenzangu, mwalimu wa shule ya msingi na dada mmoja muuza mchele. Jumapili moja moja, zamu zikiruhusu, tunatandika mkeka, tunaweka chai na michembe, tunacheza masaa matatu.

Unachezwaje? Mmoja anakuwa msimulizi. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni: askari, mganga, mwizi, mchawi. Ndiyo, mchawi, kama yule wa kwenye hadithi za bibi. Msimulizi anaeleza mahali mlipo, halafu anauliza swali lile lile kila mara: mnafanyaje?

Mfano. "Mmefika kwenye mdomo wa duara lililoachwa. Matimba yameoza. Chini kuna mwanga." Mmoja anasema, narusha jiwe nisikilize. "Unasikia maji, halafu kitu kinahema." Mwingine anauliza, kamba yetu ina mita ngapi? "Kumi na tano." Na shimo? "Jiwe limechelewa sana kufika." Basi hatushuki, tutafute njia nyingine.

Hapo pasipojulikana kitatokea nini, ndo unarusha dadu. Dadu ikikukataa, imekukataa. Uhai wako unapungua, unaandika kwenye daftari. Ukiisha, mtu wako amekufa, unatengeneza mwingine. "Uhai 2" ndo huo. Ni hesabu ya kutoa, mama, ile ya darasa la pili.

Mchezo huu haukuzaliwa kuzimu. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na mabwana wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, watu waliopenda michezo ya vita ya mezani yenye vijisanamu vya askari. Jina lake Dungeons & Dragons, yaani mashimo ya chini ya ardhi na madude. Toleo la kwanza lilikuwa boksi lenye vijitabu vitatu, maboksi 1,000 tu. Siku hizi kuna vitabu vinene vya rangi. Sisi tunabaki na kanuni za zamani, zile za 1981, kitabu chembamba cha kurasa 64. Nazipenda kwa sababu hazikubembelezi. Mchawi anayeanza ana uhai kati ya 1 na 4, panya mkubwa akimng'ata vibaya amekwisha. Kwa hiyo huwezi kuvamia kila kitu kwa upanga. Inabidi ufikirie, uulize, ukimbie ikibidi.

Dadu zake zina pande 4, 8, 12, mpaka 20. Hapa Shinyanga sijawahi kuziona dukani. Sisi tunatumia visoda 20 vyenye namba, tunavitikisa kwenye kikombe na kuchomoa kimoja. Na msituonee huruma: mwishoni mwa miaka ya 1970 dadu zilipokuwa adimu hukohuko Marekani, kampuni ilitia vipande vya karatasi ngumu vyenye namba ndani ya boksi. Watu wakacheza vivyo hivyo.

SEHEMU YA 3: MASHTAKA MATATU

La kwanza: ni ushetani.

Maneno haya sio mapya na hayakuanzia kwetu. Mwaka 1979 kijana wa miaka 16, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Michigan, alipotea. Mpelelezi wa kukodiwa akatangaza huenda mchezo huu ndo umempoteza, kwamba kaingia kwenye mahandaki ya chuo kuucheza. Magazeti yakashika moto. Baada ya wiki kadhaa kijana akapatikana mbali kabisa, na ikaja kueleweka kwamba alikuwa na msongo mzito wa kwake, hayo mahandaki na madude hayakuwa chanzo. Mwaka 1983 mama mmoja, Patricia Pulling, aliyefiwa na mwanawe kwa kujiua, akaanzisha chama cha kuupinga mchezo. Simcheki hata kidogo. Nimewaona wamama waliofiwa, najua mtu anavyotafuta cha kulaumu ili apate usingizi. Lakini wataalamu wa afya walipochunguza, hawakukuta kwamba mchezo huu ndo unaowafanya vijana wajiue. Na ubaya ni huu: watu walipokuwa bize kulaumu dadu, nani alikuwa anamuuliza kijana "mwanangu, una nini moyoni?"

Sasa turudi nyumbani. Sisi watu wa Shinyanga, jamani, tungekuwa wa mwisho kabisa duniani kunyooshea mtu kidole kwa kukisia. Vikongwe wangapi wameuawa kanda hii kwa kosa la kuwa na macho mekundu? Macho mekundu ya moshi. Kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka 50 kunakupa macho hayo, uchawi hauhusiki. Hakuna aliyeuliza. Waliona, wakakisia, wakahukumu. Kuchoma daftari sio sawa na kuua, najua, naomba nieleweke. Ila njia ni ileile: kuona, kukisia, kuhukumu, bila swali hata moja katikati.

Na nani kasema madude ni ya Wazungu? Bibi yako hakukusimulia Masala Kulangwa? Lile zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha, akamzaa Masala. Kijana akakua, akaanza kuuliza baba yangu yuko wapi, mpaka akalisaka dude lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka wazima. Hiyo tumeisimulia vizazi na vizazi na hakuna aliyeita polisi. Lakini mtoto wa leo akibuni Shing'weng'we wake, akamchora na meno yake, tayari kajiunga na freemason!

La pili: ni kupoteza muda na hela.

Hela gani? Visoda 20 nimeviokota baa, penseli unayo. Nendeni mkasimame jioni kwenye mashine za bonanza mhesabu watoto wenye sare za shule wanaotumbukiza hela ya chakula. Waulizeni vijana wanaotoka machimboni wamebeti shilingi ngapi wiki hii. Huko hakuna anayechoma kitu. Mashine ile haimuulizi mtoto "unafanyaje?" Inamla tu. Na simu tunayompa ili anyamaze tupike nayo haimuulizi kitu. Mchezo wangu haumnyamazishi mtoto, unamlazimisha aongee, asubiri zamu, ajumlishe, atoe, aandike sentensi ieleweke. Mwalimu tunayecheza naye anasema ni imla asiyolazimisha mtu.

La tatu, na hili linanihusu mimi: mtu mzima na akili zake, nesi, anakaa kwenye mkeka kuigiza?

Dada zangu, wanaume wanacheza bao na drafti toka saa nne asubuhi mpaka jua linazama. Umewahi kusikia kikao cha ukoo kimeitwa kwa sababu hiyo? Tunasema "baba yuko kijiweni", tunampelekea na chai. Mwanamke akitenga masaa matatu kwa mwezi mara mbili, acheke na wenzake, aue zimwi moja, arudi kupika, ndo kaharibika? Mimi natoka zamu ya usiku nimeshika mkono wa mtu akikata roho, nikanawa, nikaenda kitanda cha jirani kutabasamu. Mzigo ule unahitaji pa kuutua. Wengine wanautua kwenye pombe, wengine kwa kuwapiga watoto. Mimi nautua pale mkekani, na sitamwomba mtu radhi.

SEHEMU YA 4: KOSA LANGU

Sasa tuwe wakweli. Yule mama hana makosa yote.

Mtoto alikuwa amelazwa kwa maumivu. Anayeijua selimundu anajua maumivu yale, mtu mzima analia, sembuse mtoto. Dawa anapewa kwanza, siku zote dawa kwanza, na maji. Lakini kuna ile nusu saa ya kusubiri dawa ishike, inakuwa ndefu kama mwaka. Siku hiyo nilikaa naye nikamwambia: "Uko kwenye mdomo wa duara. Unafanyaje?" Akanyamaza. Halafu akauliza, nina taa? Tukaendelea. Mchezo hauponyi selimundu, nisije nikasikia mtu kaacha kliniki kwa ajili ya visoda! Ulimpa tu pa kuweka akili wakati mwili unamtesa. Siku alipotoka nilimpa visoda. Akawafundisha marafiki watatu, yeye msimulizi. Mtoto ambaye hawezi kukimbia na mpira kama wenzake, wenzake wakaanza kumfuata kwao.

Ila sikumwambia mama yake. Hapo ndo nilipokosea. Nilimkabidhi cheti cha dawa, nikamweleza vidonge, tarehe ya kurudi, dalili za hatari, nikasahau kumwambia "na kuna mchezo nimemfundisha, ndani yake kuna neno mchawi, usishtuke." Mama kalala macho miaka 13 na mtoto ambaye kila homa inaweza kuwa ya mwisho, halafu anakuta maandishi "amebaki na uhai 2". Wewe usingetetemeka? Mimi ningetetemeka.

Kwa hiyo nilimfuata kwake, nikakaa kwenye kigoda, nikamwomba radhi kwa hilo moja tu. Nikamtandikia visoda, nikamwambia mtoto atusimulie. Mama alikataa kucheza. Kakaa anachambua mchele, kimya. Mtoto akasimulia, tukafika shimoni, jirani yuleyule wa ufreemason naye kaja kuchungulia. Mara mama, bila kuinua macho kwenye ungo, kauliza: "Hiyo kamba yenu mmeifunga kwenye nini?"

Hatukuwa tumeifunga popote.

Wiki iliyofuata mtoto alikuja kliniki na kaunta buku mpya. Jalada limeandikwa kwa mwandiko wa mama yake: jina, darasa, na chini kabisa, HADITHI. Hakuniambia kitu, nami sikusema kitu.

SEHEMU YA 5: NINACHOWAOMBA

Siwaombi mpende mchezo wangu. Nawaomba mambo haya.

Jua mwanao anacheza na nani, wapi, mpaka saa ngapi. Mchezo uchezwe mchana, nyumbani, mlango wazi. Shule kwanza, usingizi kwanza. Hadithi ikimtisha mdogo mpaka anaota usiku, ibadilisheni. Kama mtoto amejitenga, hali, analia, usitafute daftari la kulaumu. Kaa naye, na umlete hospitali.

Na kama unataka kujaribu, jioni hii chukua dadu ya ludo. Mwambie mwanao: "Uko porini, umepoteza ng'ombe wa babu, jua linazama. Unafanyaje?" Akijibu jambo la busara, mkubalie. Kukiwa na shaka, arushe: 4 kwenda juu kafanikiwa, chini ya hapo kuna tatizo jipya. Sheria ni hizo tu. Mtoto wa ukanda huu wa dhahabu akijifunza kuuliza urefu wa kamba kabla ya kushuka shimoni, mimi sioni shetani hapo.

Mnakumbuka mwisho wa Masala Kulangwa? Alipopasua tumbo la dude, kisu kikamkata sikio bibi mmoja aliyekuwa ndani. Bibi katolewa tumboni mwa zimwi, yuko hai, lakini hasira yake yote ni sikio. Wamama wenzangu, mtoto akitoka tumboni mwa dude lake, tusianze na sikio.

Wenye hoja karibuni kwenye komenti. Wenye matusi, mimi niko zamu ya usiku, nitawajibu asubuhi.