Tuwape Nafasi Washairi Wanaowakejeli Wahubiri

Hapa Kimbo, kando ya barabara ya Thika, makanisa ya mabati yamepakana ukuta kwa ukuta na vibanda vya sukuma wiki. Nayathamini, kwa kuwa humo ndimo tunamochangiana mazishi na karo. Lakini pia nimemwona jirani yangu akitoa pesa za kodi ya nyumba kama sadaka ya “mbegu”, kisha akaambiwa njaa yake ni jaribu la imani.

Ndiyo maana natetea ushairi wa kejeli. Mwaka 1966, Okot p'Bitek wa Uganda alichapisha shairi refu la Song of Lawino jijini Nairobi. Lawino, mwanamke wa Kiacholi, anatafuta majibu ya maswali yake kuhusu uumbaji, lakini walimu wa dini hawapendi kuulizwa. Kicheko cha msomaji kinaangukia kiburi chao, si Mungu.

Waumini wenzangu husema kejeli ni kufuru. Wakumbuke Eliya alivyowadhihaki manabii wa Baali juu ya Mlima Karmeli. Wakumbuke pia Shakahola, Kilifi, ambako tangu 2023 imefukuliwa miili ya watu zaidi ya 400. Wengi wao walikuwa wameaminishwa na mhubiri wao kwamba kufunga hadi kufa kungewapeleka kwa Yesu. Kufuru ni hiyo.

Wachungaji wa Kimbo wawape vijana kipaza sauti Jumapili wasome mashairi yao, hata yanayowachoma. Imani inayomnyamazisha maskini anayeuliza haiwezi kumlinda.