Mura, Darubini Hailengi: Staa wa Tarime na Bunduki Yake ya Upepo

Wadau, kuna video ya sekunde arobaini imezunguka sana kwenye magrupu, kuanzia Sirari mpaka Mugumu. Msanii mmoja anayechipukia huko Tarime, jina kapuni, kasimama kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, miwani myeusi usoni, bunduki ya upepo mkononi. Na siyo bunduki tupu. Ina darubini ndefu, ina miguu miwili ya kusimamia, ina tochi, ina mkanda wa begani, na kitako kimepulizwa rangi ya mabaka mabaka.

Kwanza anafyatua mara tatu bila risasi, ili kamera ichukue mlio. Halafu anageukia chupa tano za maji zilizopangwa kwenye gogo, hatua kama ishirini hivi. Anapiga tano, inadondoka moja. Kila akifyatua moshi unatoka mtutuni, na washikaji nyuma ya kamera wanashangilia: "Inatoa moshi kama ya kweli, bana!"

Waliotazama waligawanyika. Wapo waliosema mura kaibiwa, kauziwa kitu feki. Wapo waliosema aongeze springi ngumu zaidi. Mwenyewe akajibu kwamba springi iko njiani na darubini ataweka kubwa kuliko hiyo.

Hapo ndipo ishu ilipo. Jamaa hajaibiwa. Bunduki alipoipokea ilikuwa nzima. Yeye ndiye anayeiua, tena mbele ya kamera, na anaiua kwa hela ya kuipendezesha.

Tuanze na ule moshi uliopigiwa makofi. Bunduki ya upepo ya kukunja mtutu, ambayo ndiyo iliyozoeleka zaidi, haina baruti. Ukiukunja mtutu unabana springi nene iliyo nyuma ya pistoni. Ukifyatua, springi inaachia, pistoni inakimbia mbele, hewa inabanwa ghafla na kuisukuma risasi nje. Basi. Ni pampu ya baiskeli yenye hasira. Sasa kama kila risasi inatoka na moshi, ujue kuna oili imeingia pasipotakiwa. Hewa ikibanwa kwa nguvu inapata joto, na joto hilo linaiwasha oili, kama injini ya dizeli inavyowaka bila plagi. Bunduki mpya inaweza kutoa moshi kidogo siku za mwanzo kisha ikaacha. Moshi wa kila siku ni ugonjwa. Ule mlipuko mdogo unaisukuma pistoni irudi vibaya, unaiunguza wosha yake, na springi inachoka kabla ya wakati.

Oili imetoka wapi? Kwenye video nyingine staa wetu anaonyesha anavyodondoshea oili ya pikipiki mtutuni kila asubuhi "ili ilainike". Hakuna aliyemwambia kwamba bunduki hii hailainishwi mtutuni. Inapakwa oili kidogo sana kwenye bawaba, pale mtutu unapokunjikia, na chuma cha nje kinafutwa kwa kitambaa chenye oili ili jasho la mikono na mvua za masika visilete kutu. Ndani ya mtutu, kitambaa kikavu kinatosha, tena mara mojamoja. Fimbo ya chuma ikae mbali, maana inakwaruza ile mifereji inayoizungusha risasi.

Kufyatua bila risasi nako ni kosa kubwa. Ile risasi ndogo ndiyo inayoizuia hewa isikimbie, na hewa hiyo ndiyo mto wa pistoni. Ukiiondoa, pistoni inakwenda kujigonga mwisho wa njia bila kitu cha kuipokea. Mara tatu kwa ajili ya mlio, kila video, hesabu mwenyewe.

Halafu hiyo darubini. Watu hawaelewi kwamba bunduki ya springi ina mshtuko wa pande mbili: inasukuma nyuma, halafu pistoni ikifika mwisho inaruka mbele. Darubini nyingi, hata zile za bunduki kubwa za baruti, zimetengenezwa kuvumilia mshtuko wa kurudi nyuma tu. Ukizifunga kwenye springi, vioo vya ndani vinalegea na vishikizo vinateleza polepole. Leo unalenga chupa inapigwa, kesho unalenga palepale inapigwa gogo. Staa anadhani ni mkono wake, anaongeza darubini kubwa zaidi, yaani uzito zaidi wa kuteleza.

Na ile miguu miwili? Bunduki ya springi haipendi kusimamishwa juu ya kitu kigumu wala kubanwa kama jogoo anayetaka kukimbia. Inataka kulazwa juu ya kiganja kilichofunguka, iachiwe iruke inavyoruka, na iruke vilevile kila mara. Mtu akijua kushika hivyo, nusu ya kazi imeisha, na hakuna duka linalouza hiyo.

Risasi zenyewe pia. Saizi zinazotumika zaidi ni mbili, milimita 4.5 na 5.5, na ya saizi moja haiendi kwenye mtutu wa nyingine. Ni madini laini ya risasi, ndiyo maana jina ni moja. Nyuma zina sketi nyembamba inayoshika mtutu, na sketi ikibonyea risasi inakwenda inakotaka yenyewe. Staa wetu anazibeba mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Halafu anashangaa chupa nne zimebaki zimesimama! Tena madini hayo ni sumu. Ukimaliza kuzishika, unanawa kwa sabuni kabla hujagusa ugali.

Watabishi wapo, watasema huu ni wivu, hela ni yake. Sawa, hela ni yake. Lakini wakumbuke Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Yule Mturuki wa miaka 51 aliyetrendi dunia nzima, mkono mmoja mfukoni, miwani ya kawaida ya kusomea, fulana. Wenzake kadhaa walikuwa na vioo maalumu vya jicho na vifuniko vikubwa vya masikio. Yeye na mwenzake wa kike waliondoka na medali ya fedha kwenye bastola ya upepo, mita 10. Alikuwa na silaha nzuri, hilo halina ubishi. Lakini picha ile ilipendwa kwa sababu kila mtu aliona kwamba kazi ilikuwa mkononi, na mkono ule ulikuwa umefanya mazoezi kwa miaka mingi.

Hakuna haja ya kwenda Paris, lakini. Upande wa Serengeti, kijiji kimoja si mbali na Natta, yupo mzee mmoja askari mstaafu. Bunduki yake ya upepo ni Diana ya Kijerumani, na imeishi miaka mingi kuliko huyo msanii. Haina darubini. Haina tochi. Kitako kina alama ya kiganja chake. Jioni anatundika vifuniko vya soda kwenye uzi, nyuma yake kuna kichuguu kikubwa cha kupokea risasi, anahesabu hatua kumi na tano na anavipiga kimoja kimoja bila haraka. Vijana wa pale wanamwita Tata na wanakaa kimya akilenga.

Springi ya staa ilipokata, na ilikata kweli wiki mbili baada ya video, meneja wake alipanda pikipiki kumpelekea mzee bunduki. Waliokuwepo wanasimulia hivi. Mzee hakuiruhusu iingie ndani. Aliiweka juu ya meza chini ya mwembe, akaitazama, akanusa mtutu.

"Karatasi yake iko wapi, mura?"

"Tata, hii ni ya upepo tu."

"Na anayeiona kwa mbali atajua ni ya upepo?"

Meneja akanyamaza. Mzee akagusa darubini, ikacheza. Akagusa skrubu za kitako, mbili zimelegea, moja haipo. Akacheka kidogo. "Mmeipa nguo, hamjaipa chakula." Kisha akamrudishia vilevile ilivyokuja.

Swali lake la karatasi ndilo zito kuliko springi. Tarime na Rorya zina kanda yao maalumu ya kipolisi, na kila mtu wa huko anajua historia ya wizi wa mifugo, koo kupigana na silaha kuzagaa. Serikali imeshatoa misamaha zaidi ya mara moja ili watu wasalimishe silaha wanazomiliki kinyume cha sheria. Katika mazingira hayo unaposti umeshika kitu chenye mtutu, darubini na rangi ya mabaka, ambayo mwaka 2023 JWTZ walishawaonya raia wasiivae? Nchi ina sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015. Maneno ya muuzaji kwamba "hii haina shida" siyo kibali. Safari ya kununua inaanzia kituo cha polisi, kabla hela haijatoka mfukoni, na jibu lao ndilo linalofuatwa.

Na hiyo springi ngumu inayosubiriwa? Hata kule zinakotengenezwa, nguvu ndiyo inayoamua sheria. Uingereza, bunduki ya upepo ikizidi kama jouli 16 inahesabiwa pamoja na silaha za moto na inahitaji cheti chake. Uskoti wao tangu mwisho wa mwaka 2016 wanadai leseni hata kwa zile za chini. Ujerumani mstari uko jouli 7.5. Kwa hiyo fundi anayekubadilishia springi kule anaweza kukuvusha mstari bila wewe kujua. Tena springi ngumu kuliko mwili wa bunduki inaongeza mshtuko, inavunja zaidi na inalenga vibaya zaidi. Chupa ya maji haihitaji nguvu hiyo. Jicho la mtoto aliyekaa nyuma ya chupa ndilo litakaloilipia, maana risasi hizi zinaweza kwenda zaidi ya mita 200, na kwenye ile video nyuma ya gogo palikuwa wazi, na njia ya watu wanaokwenda kisimani ilionekana kabisa.

Lakini habari inayotisha zaidi ni ile aliyoitoa meneja mwenyewe akiwa chini ya mwembe: video inayofuata ilikuwa ikarekodiwe mpakani mwa hifadhi, nyumbu wakiwa kaskazini, staa kashika bunduki, vumbi nyuma. Wadau, watu wa Serengeti hawahitaji kufundishwa hili. Ukitoka vijijini unakutana na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, yaliyotangazwa mwaka 1994, na baada ya hapo ni Hifadhi ya Taifa yenyewe. Kuwa na silaha ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa. Mahakama za Mugumu na Tarime zimeshafunga watu waliokutwa humo na panga na nyaya za kutegea. Panga tu! Sasa mtu anataka kusimama pale na bunduki yenye darubini, akijirekodi ushahidi mwenyewe na kuupandisha mtandaoni? Na utetezi kwamba "nilikuwa natafuta kanga tu" ndiyo kujimaliza, kwa sababu kanga wa porini naye ni mnyamapori, anawindwa kwa kibali.

Vijana wangapi wa Nyanungu na Gorong'a wanamwangalia huyu staa? Yeye ana meneja na huenda atapata wakili. Dogo wa kijijini atakayemuiga ana mama yake tu.

Hakuna anayesema bunduki ya upepo ni mbaya. Ulengaji wake umekuwa mchezo wa Olimpiki tangu mwaka 1984, na mkoa unaojulikana kwa kutoa askari usingekosa walengaji. Anayeutaka mchezo huu aanze na karatasi. Achague bunduki ya nguvu ya kawaida anayoweza kuikunja mara hamsini bila mkono kutetemeka. Anunue makopo mawili matatu ya risasi tofauti, aone mtutu wake unapenda ipi, kisha abaki nayo. Akaze skrubu kila baada ya mazoezi. Asiiache imekunjwa na kubanwa usiku kucha. Aweke ukuta wa udongo nyuma ya shabaha. Akifika mahali vifuniko vinadondoka kwa macho matupu, hapo akanunue darubini iliyotengenezwa kwa ajili ya springi, na itamfaa kweli.

Staa yeye amefanya kinyume, ameanzia mwisho. Mpaka sasa bunduki imelala kwa meneja, springi mbili, darubini inacheza, na ile springi mpya imefika. Hajaenda kituo cha polisi. Ile safari ya mpakani haijafutwa, imeahirishwa tu.

Wadau mlio karibu naye, mwambieni leo. Komenti za kuchekesha zimeshatosha.