Karata 52 na daftari moja: kijiji chako cha mwaka 2050 kikoje?

Julai 17, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 jijini Dodoma. Dira hiyo inataka ifikapo mwaka 2050 uchumi wa nchi ufikie dola trilioni 1 za Marekani, na pato la wastani la mtu mmoja kwa mwaka lifike dola 7,000. Ni namba kubwa. Lakini ukimuuliza mkazi wa Nkololo, Dutwa au Mwandoya kijiji chake kitafananaje mwaka huo, mara nyingi atakutajia yale aliyosikia kwa viongozi: barabara, umeme, maji. Ukiendelea kumuuliza nani atakuwa anaishi pale, anakula nini na anagombana na nani, atacheka kwanza.

Kufikiria mahali ambapo bado hapapo ni kazi, na kazi hiyo ina mazoezi yake. Leo tunaeleza zoezi moja ambalo limekuja kwa sura ya mchezo wa karata.

Mchezo wenyewe ni upi?

Miaka ya karibuni, Ulaya na Marekani kumeenea michezo ambayo haina mshindi wala mshindwa. Mchezaji hulamba karata, husoma swali linaloambatana na karata hiyo, kisha huandika jibu kwenye daftari. Karata zinapokwisha, anabaki na hadithi ya mahali alipopaunda mwenyewe.

Mmojawapo unaojulikana ni The Quiet Year, uliotungwa na Avery Alder wa Kanada na kutoka mwaka 2013. Wachezaji huchora ramani ya jamii iliyotoka vitani. Kila karata ni juma moja, na pakiti ya karata 52 inakuwa mwaka mzima. Huo huchezwa na watu kadhaa. Ipo pia ya mtu mmoja. Mwaka 2020, Chris Bissette wa Uingereza alitoa The Wretched. Humo mchezaji ni fundi aliyebaki peke yake kwenye chombo cha anga. Akishalamba karata za siku, anarekodi kwa sauti yake yaliyompata. Sisi watu wa redio hilo lilitugusa, kwa sababu asiyeandika haraka anaweza kutumia simu yake.

Majaribio ni nini?

Mchezo wa namna hii hautoki kichwani kwa mtungaji ukaenda moja kwa moja dukani. Kwanza hupewa watu wauchezee. Mtungaji hukaa pembeni, hafafanui wala hasaidii, anaangalia tu wapi mtu amekwama, wapi amechoka, wapi amesahau hata kunywa chai yake. Wakulima wa pamba wanaujua utaratibu huu. Mbegu inayotoka kituo cha utafiti cha TARI Ukiriguru hujaribiwa mashambani kabla ya kusambazwa, maana udongo wa kituoni si udongo wa kwako.

Kituoni kwetu tulitengeneza toleo dogo la Simiyu na kuwapa watu wachache walioko Bariadi na vijiji vya jirani: mkulima wa pamba, mama anayeuza nyanya sokoni, na kijana wa bodaboda. Kila mmoja alicheza peke yake kwa wakati wake. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Jambo la kwanza ni majira. The Quiet Year hugawa aina nne za karata kwa majira manne, na mwisho wake huwa ni majira ya baridi. Kwetu hilo halina maana. Tulianza mwaka mwezi Oktoba. Kopa zikawa kulima na kupanda hadi Desemba. Uru zikawa palizi na kupulizia dawa, Januari hadi Machi. Maua, ambayo wengine huyaita pau, yakawa mavuno na soko la pamba, Aprili hadi Juni. Shupaza zikawa kiangazi, Julai hadi Septemba. Kila aina ina karata 13, na kila robo ya mwaka ina majuma 13. Hesabu ilikaa bila kulazimishwa.

Jambo la pili ni maswali. Swali la "Je, kijiji kina maji?" lilipata jibu la neno moja. Tulipolibadilisha likawa "Kisima kimekauka, foleni ni ndefu, nani anaamua nani achote kwanza?", mkulima aliandika kurasa mbili. Swali zuri lilikuwa lile lenye mtu ndani yake na uamuzi wa kufanya.

Jambo la tatu ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Karata moja ilisema: "Mgeni amefika kijijini na hataki kuondoka." Kijana wa bodaboda aliandika habari za mwekezaji mwenye kiwanda cha nyuzi. Mama wa nyanya aliandika habari za muuguzi, binti mdogo, ambaye amekubali kukaa kwenye zahanati isiyo na nyumba ya mtumishi, na wanawake wanampelekea unga na kuni ili asihame. Karata ni ileile na mkoa ni uleule. Lakini vijiji vimekuwa viwili, na vyote ni vya kweli.

Kwa nini peke yako?

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inampa kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Upo pia utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao wananchi hukaa pamoja kuchora ramani ya kijiji chao, kupanga kalenda ya msimu na kuchagua vipaumbele. Kwa hiyo wazo la watu kuunda picha ya mahali pao si geni hapa.

Tatizo ni sauti ya kwanza. Mkutanoni, mzee au kiongozi akishasema "tujenge ghala", wanaomfuata husema ghala. Kijana anaona aibu kumpinga baba yake mbele za watu. Mama aliyekuja na muuguzi wake moyoni anarudi naye nyumbani. Mtu aliyekaa peke yake na karata na daftari amejibu kabla ya kusikia jibu la mwingine. Hapo ndipo tunapoona faida ya mchezo huu.

Udhaifu wake nao upo wazi. Ukicheza peke yako, kila mtu kijijini anakubaliana nawe. Unapitisha njia ya ng'ombe katikati ya mashamba na hakuna jirani wa kukukatalia. Tembo wanaotoka upande wa pori la akiba la Maswa wanaishia pale unapotaka waishie. Kijiji cha daftarini hakina kesi, ndiyo maana hakitoshi. Daftari ni la kuanzia, na baada yake lazima watu wakae wabishane.

Je, hii si kamari?

Tuliulizwa hivyo mapema, na ni swali la haki. Karata zina jina baya vijijini, na kubeti kumemaliza mitaji ya vijana wengi. Kamari ni pale mtu anapoweka fedha akitumaini bahati imrudishie zaidi. Hapa hakuna dau wala mshindi. Hata hivyo, kama karata zitaleta maneno nyumbani, kata vipande 52 vya karatasi, andika aina na namba, vitumike badala yake.

Ukitaka kujaribu

Chukua kipande kimoja kila jioni. Andika au rekodi sentensi tano tu. Jiulize kila mara: nani anafaidika, nani anakosa, na nani hajaulizwa. Usianze na mwaka mzima. Karata 13 za kiangazi zinatosha kwa mara ya kwanza, kwa kuwa kiangazi ndicho kinachoonyesha kijiji kimesimama wapi kwenye maji, malisho na akiba ya chakula.

Ukimaliza, mtafute mwenzako aliyecheza kivyake. Wekeni madaftari mezani na mtafute ukurasa mmoja ambao hamkubaliani kabisa. Ukurasa huo ndio wa kupeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji ujao. Pelekeni kama hoja yenu wawili, na mwombe iandikwe kwenye muhtasari.