Shule Nafuu za Mtaala wa India Dubai: Ada Ndogo Isiwe Kigezo Pekee cha Mzazi

Shule zinazofuata mtaala wa India katika Umoja wa Falme za Kiarabu hufungua mwaka wa masomo mwezi Aprili, tofauti na shule za mitaala ya Uingereza na Marekani ambazo huanza kati ya mwishoni mwa Agosti na Septemba. Kwa familia za kigeni zinazoishi Dubai, zikiwemo za Watanzania walioko huko kwa kazi na biashara, msimu wa uandikishaji unaotangulia mwezi huo ni wa maamuzi mazito, kwa kuwa shule hizo ndizo kimbilio la wazazi wengi wa kipato cha kati wanaotafuta elimu ya msingi kwa gharama wanayoimudu.

Uzito wa maamuzi hayo unatokana na mfumo wenyewe wa elimu. Shule za umma za nchi hiyo hufundisha zaidi kwa Kiarabu na zimewekwa hasa kwa ajili ya raia, hivyo sehemu kubwa ya watoto wa wageni husoma katika shule binafsi kwa gharama ya wazazi wao. Wahindi ndio jamii kubwa zaidi ya wageni nchini humo, na shule zao zina historia ndefu. Mojawapo ya kongwe zaidi mjini Dubai ilianzishwa mwaka 1961, miaka 10 kabla ya Umoja huo kuundwa.

Tofauti ya ada ni kubwa. Zipo shule za mtaala wa India zinazotoza chini ya dirham 10,000 kwa mwaka katika madarasa ya chini, sawa na takribani dola 2,700 za Marekani, ilhali shule ghali za mtaala wa Uingereza huvuka dirham 50,000 kwa madarasa ya msingi. Hata hivyo, si kila shule ya mtaala wa India ni nafuu. Baadhi hutoza zaidi ya dirham 30,000. Pale penye unafuu, kwa kawaida kuna sababu: madarasa yenye wanafunzi wengi, mishahara midogo ya walimu, na viwanja na maabara za kiwango cha kawaida. Mzazi hana budi kujua ni kipi kati ya hivyo mtoto wake anaweza kukivumilia na kipi kitamuumiza.

Ada za shule binafsi mjini Dubai haziachiwi soko peke yake. Mamlaka ya Maarifa na Maendeleo ya Binadamu (KHDA) ndiyo inayoidhinisha ada, na huweka ukomo wa nyongeza kwa kuzingatia kipimo cha gharama za uendeshaji wa shule. Kwa mwaka wa masomo 2025-2026, kipimo hicho kilikuwa asilimia 2.35. Aidha, kila shule ina waraka wa ada zilizoidhinishwa ambao mzazi anaweza kuusoma kabla ya kulipa chochote.

Mamlaka hiyo pia imekuwa ikikagua shule na kuzipanga katika madaraja 6, kuanzia lile la juu kabisa hadi dhaifu sana. Kwa kuwa ukaguzi kamili ulisitishwa kwa shule nyingi katika mwaka wa masomo 2024-2025, mzazi anapaswa kuangalia tarehe ya ripoti na si daraja pekee. Ripoti ya miaka kadhaa iliyopita haiwezi kueleza hali ya shule ambayo tangu hapo imebadilisha mkuu wake au kupoteza walimu.

Mtego mwingine upo nje ya ada. Kwa mfano, shule yenye ada ya dirham 8,000 iliyo mbali, ambayo basi lake linagharimu dirham 5,000 kwa mwaka, ni ghali kuliko shule ya dirham 11,000 ambayo mtoto anaifikia kwa miguu. Sare, vitabu na fedha ya kuhifadhi nafasi navyo vinahitaji kuingizwa katika hesabu. Familia zinazohamia Sharjah kufuata kodi nafuu ya nyumba zinapaswa kukumbuka kuwa huko shule husimamiwa na mamlaka nyingine yenye taratibu zake, na kwamba foleni za kuingia Dubai asubuhi humchosha mtoto kabla hajafika darasani.

Suala la lugha nalo halipaswi kupuuzwa. Masomo hufundishwa kwa Kiingereza, Kiarabu ni somo la lazima, na mara nyingi huongezwa Kihindi au lugha nyingine ya India. Mtoto wa Kitanzania anayejiunga darasa la tatu hukutana na wenzake waliokwisha kuzoea maandishi ya Kihindi. Ni busara kuuliza mapema iwapo shule inaruhusu Kifaransa au lugha nyingine badala yake.

Zaidi ya yote, mzazi anapaswa kujiuliza familia itarejea nyumbani lini. Mtihani wa kwanza wa bodi chini ya mtaala huo hufanyika darasa la kumi. Anayemaliza ngazi hiyo anaweza kuomba ulinganifu wa cheti chake kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania, lakini anayerudi kabla ya hapo huwa na taarifa za maendeleo na cheti cha uhamisho tu. Vilevile, mwaka wa masomo wa Tanzania huanza Januari, na shule za msingi za umma hufundisha kwa Kiswahili, lugha ambayo kwa kawaida haimo katika ratiba ya shule hizo. Mtoto asiyesoma na kuandika Kiswahili nyumbani atarejea akiwa mgeni katika darasa la nchi yake.

Kwa msingi huo, ada nafuu ni mwanzo mzuri wa uchaguzi, lakini haitoshi kuukamilisha. Mzazi atakayepiga hesabu ya gharama zote, kusoma ripoti ya ukaguzi na kuitembelea shule wakati wa masomo, huku akiwa amepanga safari ya kurudi, ndiye atakayenufaika na unafuu huo. Atakayechagua kwa bei peke yake anaweza kuokoa dirham chache leo, na mtoto akalipa kwa kurudia darasa kesho.