Maakuli na Siha: Kitoweo cha Kusi Huwekwa Wakati wa Kaskazi

Katika kisiwa cha Chula, kimojawapo cha visiwa vya Wabajuni vilivyo kusini mwa Kismayo kuelekea Ras Kiamboni, jiko hufuata upepo. Kaskazi ikivuma, mvuvi hurejea na samaki, pweza na kambakoche, na mtoto hupata kitoweo bila ya mama kufungua mkoba. Kusi ikishika, hasa baina ya Juni na Agosti, bahari huchafuka na vyombo hukaa pwani. Hapo nyumba huonekana ipi iliweka akiba na ipi iliuza kila kilichotoka majini.

Mchele, unga wa ngano na sukari huja kisiwani kwa mashua, na kila kilo hubeba nauli yake. Mwenye nyumba aliyeuza samaki wote ili anunue vitu hivyo amebadilisha chakula cha kujenga mwili kwa chakula cha kushibisha tu. Gramu 100 za mchele mweupe usiopikwa zina protini zipatazo gramu 7; kiasi hicho hicho cha kunde kavu kina zaidi ya gramu 20, na cha dagaa waliokaushwa vyema zaidi ya gramu 50. Mtoto anayepewa wali mtupu na chai ya sukari miezi mitatu mfululizo hushiba, lakini hakui ipasavyo, na maradhi madogo humlaza siku nyingi.

Haifai kumlaumu mvuvi kwa kuuza. Kambakoche ana bei, na fedha yake hununua nyavu, dawa na daftari za shule. Auzwe. Linalotakiwa ni kwamba katika kila pato la kaskazi, samaki wa bei ndogo, wale ambao mchuuzi huwapunguzia thamani, watengwe kwa ajili ya nyumba. Wapasuliwe, waoshwe kwa maji safi, watiwe chumvi kiasi na waanikwe juu ya chanja iliyoinuliwa kutoka ardhini. Ng'onda aliyeanikwa mchangani hukusanya mchanga na mainzi, na huoza ndani hali nje amekauka. Akikauka sawasawa awekwe mahali pasipo unyevu, na aanikwe tena kila jua linapotoka. Kabla ya kupikwa alowekwe na maji yake yamwagwe, kwani chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai.

Thamani ya samaki si habari mpya kwa Wabajuni. Baada ya ukame mkubwa wa 1974 na 1975, serikali ya Somalia ya wakati ule iliwahamisha maelfu ya wafugaji, na baadhi yao wakapelekwa Barawa, Adale na Eyl wafundishwe uvuvi. Watu waliozoea maziwa na nyama ya ngamia ikawabidi washawishiwe kwamba samaki ni chakula cha heshima. Upande wa Tanzania, mwaka 1975 huo huo, ilifanywa kampeni ya Chakula ni Uhai, iliyowahimiza wananchi kulima na kula vyakula vya namna mbalimbali. Chula haikuhitaji kushawishiwa juu ya samaki. Inahitaji kumbakiza nyumbani.

Samaki peke yake hatoshi. Kunde ni rahisi kuliko nyama, hukaa ghalani bila kuharibika, na zikiliwa pamoja na mtama, mahindi au mchele, protini zao hukamilishana. Mkate wa mofa na mchuzi wa kunde ni mlo kamili kuliko sahani ya tambi nyeupe na sukari, chambilecho hao wanaodhani kwamba cha dukani ndicho cha kistaarabu. Majani ya kunde nayo ni mboga; hulinda macho na damu. Mchanga wa kisiwa ni haba wa rutuba, lakini debe bovu lililojazwa udongo na samadi ya mbuzi, likanyweshwa maji yaliyooshea mchele, laweza kuotesha mchicha wa nyumba moja. Ndimu ikamuliwe juu ya mboga ikiwa tayari sahanini, kwa kuwa husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai ya rangi hufanya kinyume chake; inyweke saa moja au mbili baada ya chakula.

Kuhusu sukari, hesabu ni fupi. Vikombe vinne vya chai kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, ni gramu 48 hivi, karibu na ukomo wa gramu 50 wa mtu mzima. Nusu yake ikipunguzwa, fedha inayobaki hununua kunde.

Mtoto aliyetimiza miezi sita aendelee kunyonya, na aongezewe uji mzito wenye kijiko cha dagaa waliotwangwa na kuchekechwa wasibaki miiba. Dagaa hao wasiwe wa chumvi.

Kusi isimsukume mtu kwenye nyama ya kasa. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa, wala haionekani kwa macho. Machi 2024 huko Kisiwa Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila.

Familia za askari na polisi katika kambi za bara hazingoji upepo, lakini zina kusi yao: wiki ya mwisho kabla ya mshahara. Mama wa kota anayenunua dagaa na kunde za mwezi mzima siku fedha inapoingia, akazitia katika vyombo vyenye kifuniko kabla ya kununua soda na biskuti, hufanya kazi ile ile ya chanja. Kwa watu watano, vikombe viwili vya kunde kavu zilizolowekwa usiku, viganja viwili vya dagaa, kitunguu, nyanya na fungu la mchicha hutosha kwa chakula cha jioni. Maji ya kulowekea yamwagwe, na mchicha utiwe mwisho, dakika chache kabla ya sufuria kuepuliwa.