Posa Haipitii Dirishani

Leo nawaletea jambo la nyumbani kwangu, na wazazi wenye vijana nadhani mtanielewa.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua kwamba mkubwa wangu, mwenye miaka 17, amejiunga na kikundi cha kuigiza historia hapa Uingereza. Kwa mgeni wa safu hii nieleze kidogo. Hawa ni watu wa kawaida, fundi bomba, mwalimu, muuguzi. Ikifika Jumamosi wanavaa makoti ya sufu, wanabeba magobore na mikuki mirefu kuliko mlango wa msikiti, na kupigana upya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1642 hadi 1651, Mfalme Charles wa Kwanza huku na Bunge kule. Kikundi kinachojulikana zaidi, Sealed Knot, kilianzishwa mwaka 1968 na Brigedia Peter Young, aliyepigana Vita vya Pili vya Dunia kisha akawa mwanahistoria. Kila Januari watu hufurika mji wa Nantwich kutazama vita vya mwaka 1644 vikirudiwa. Kikundi cha mwanangu ni kidogo tu, watu kama 30 hivi.

Mwanzoni nilikataa. Niliona ni vita vya wenyewe, vinatuhusu nini? Lakini tulikuwa tumehamia mji mpya na kijana alikuwa amejifungia chumbani na simu yake, chakula nampelekea mlangoni. Katika kikundi kile alipata watu. Mzee mmoja mstaafu alimfundisha kushona viatu vya ngozi. Alipewa ngoma, akawa mpiga ngoma wa kikosi. Baada ya miezi sita alikuwa anakula mezani na sisi, anasimulia mpaka tunamnyamazisha. Kwa hiyo makoti yale ya sufu nayapenda, hata yakinuka moshi ndani ya gari langu.

Basi Agosti iliyopita kulikuwa na onyesho kubwa la zama zote, Warumi mpaka askari wa Vita vya Pili vya Dunia, uwanja mmoja, mahema mamia. Usiku wa Jumamosi wanaume wawili wa kikundi kingine, cha vita hivyo vya pili, walimkuta mwanangu kwenye foleni ya maji. Wakamwalika kwenye moto wao, wakampa chai, wakamweleza kwamba wanataka kuigiza askari wa Keya waliopigana Burma. Wakamwambia sare atapewa bure, bunduki atabeba, na kwamba kule aliko anapoteza muda kupiga ngoma ya vita visivyo vyake. Neno la mwisho lilikuwa: "Usimwambie mkuu wako kwa sasa."

Aliniambia Jumapili jioni, tuko barabara kuu tunarudi. Macho yanang'aa, ila sauti ameishusha. Nikajua kuna kitu kimemkwama.

Nami nisiwafiche, moyo wangu uliruka. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw, Burma, katikati ya masika ya kule, kwenye matope na malaria, na babu alikuwamo. Nyumbani Tanga picha yake na kofia ya ukingo mpana ilining'inia ukutani mpaka kioo kikaota ukungu. Waingereza wengi ninaofanya nao kazi hawajui kama watu wetu walifika huko. Kijana wangu kusimama mbele ya umma na kuwaambia, kuna zuri gani kuliko hilo?

Lakini kilichomkwama yeye kilinikwama na mimi. Nilikielewa nilipokumbuka posa.

Kwetu mtu akimpenda binti wa watu hakuna ubaya, kupenda si kosa. Ila kuna njia yake. Unatuma mshenga, barua inapelekwa, wazee wanakaa, maswali yanaulizwa. Anayepitia dirishani usiku na kusema "usimwambie baba yako", hata awe na nia njema na mahari ya kutosha, ameshaanza kwa kumtenga binti na watu wake. Na aliyefundishwa kuficha siku ya kwanza atafichwa mengi siku za mbele.

Babu mwenyewe aliandikishwa hivyo. Alitusimulia kwamba walikuja na bendi ya tarumbeta, wakasema mshahara, nguo, chakula. Burma haikutajwa. Na wa kabla yake, katika vita vya kwanza, hata tarumbeta hawakupigiwa. Maelfu walikamatwa vijijini wabebe mizigo ya jeshi, na jina la Kariakoo limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Hata hao Waingereza wa kale hawakupona: jeshi jipya la Bunge la mwaka 1645 lilijaza askari wake wa miguu wengi kwa kuwalazimisha. Sasa ukiigiza historia ya watu walioandikishwa kwa hila, halafu nawe ukaandikisha kwa hila, umejifunza nini?

Nilimwambia mwanangu kwamba mkuu wake lazima ajue, na atakayemwambia ni yeye mwenyewe, si mimi. Alihofia ataonekana msaliti. Mkuu wao ni mama wa makamo, dereva wa basi. Alimsikiliza mpaka mwisho kisha akasema: "Mimi sikumiliki. Ukitaka kwenda nitakuandikia barua nzuri, na ukitaka kuwa kote kuwili, wengi wanafanya hivyo. Ila walipaswa kuja kwangu mchana."

Baadaye mimi na yeye tulizungumza, akanieleza adabu ya mambo haya. Kwenye kambi ya mwenzako huwaiti watu wake. Mtu akikufuata mwenyewe unamjibu, lakini unamuuliza kama kwao wanajua. Ukitaka wapya, unaweka meza yako mbele ya umma na kuwaita ambao bado hawana kikundi. Kikundi chenzako hukisemi vibaya. Unamweleza mtu gharama yote, si ya kwanza tu: ada, bima, mafuta ya gari, na siku atakazohitajika. Baruti na bunduki zina sheria na vibali vya polisi, kwa hiyo huwezi kumuahidi bunduki mtoto uliyemkuta kwenye foleni ya maji. Na aliye chini ya miaka 18, unaanza na mzazi. Akaongeza kwamba kikundi kidogo kikipotezewa watu watatu katikati ya msimu kinaweza kushindwa kuingia uwanjani, na kazi ya miaka ikafa.

Nilimwandikia kiongozi wa kile kikundi kingine. Hakuwa mmoja wa wale wawili. Akapiga simu, mtu mstaarabu, akaomba radhi kwa jinsi ilivyofanyika. Kisha akasema wana haraka kidogo, kwa sababu tayari wameshakubali kazi mbili za Oktoba, mwezi ambao hapa unaadhimishwa historia ya watu weusi, na wamewaahidi wenyeji askari wa Keya.

Yaani mwanangu alikuwa ameshaahidiwa kwa watu kabla hajaulizwa.

Simu ilikuwa kwenye spika. Kijana alikuwa amekaa kwenye ngazi, anasikiliza. Akauliza kwa adabu: "Na Novemba je?"

Yule bwana alinyamaza. Akasema hawajapanga mpaka huko.

Mwanangu akamwambia Oktoba hataweza, ana maonyesho na kikosi chake, lakini masika angependa kuja mchana kuwatembelea, pamoja na mama yake, aone wamesoma nini kuhusu Keya na yeye atakuwa nani baada ya kupigwa picha. Yule bwana alisema karibuni. Tutakwenda. Sina kinyongo naye. Haja yao ni ya kweli na hadithi ile inastahili kusimuliwa. Ila safari hii tutaingia kwa mlango.

Wazazi wenzangu, vijana wetu huku wanatakiwa na wengi: timu za mpira, kwaya, vyama, makundi ya kila aina. Mara nyingine wanatakiwa kwa walicho nacho, mara nyingine kwa wanavyoonekana kwenye picha. Msikimbilie kukataa, na msikimbilie kushukuru. Ulizeni matatu. Je, unaweza kusema haya mbele ya watu anaotoka kwao? Itagharimu nini mpaka mwisho wa mwaka? Na akishamaliza kukufaa, bado atakuwa na kiti kwako? Mwenye nia safi hachukizwi na maswali haya. Kwetu mshenga ameulizwa magumu kuliko hayo, na akarudi tena wiki ya pili.

Juzi kijana ameniomba nimpigie simu mjomba Tanga, amtafutie picha ya babu na kile kitabu chake cha kuachishwa jeshi, kama mchwa wamekibakiza. Nilimuuliza ni kwa ajili ya wale watu? Akasema hapana mama, ni yangu kwanza.

Wenye wazee waliokuwa Keya, niandikieni walichokuwa wakisimulia. Nitamsomea. Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.